Siku Baba Alipolaza Mmea Mezani

Baba yangu hakuwahi kuvuta bangi hata siku moja. Naliandika hili mwanzo kabisa kwa sababu pale kwetu Kashikishi, kando ya ziwa, watu wakimkumbuka huanza kucheka, na wakishacheka husema, "Aa, yule mzee wa bangi," utadhani alikuwa mlevi wa kuokotwa mchangani. Alikuwa mzee wa kanisa. Aliimba sauti ya chini kwenye kwaya, na alivaa koti la suti hata siku za jua kali, wakati wanawake wameanika samaki na hakuna anayetaka nguo mwilini. Mtumbwi wake ulikuwa na wavuvi wanne, na mmoja wao, aliyewajua samaki kuliko wenzake wote, baba alimfukuza palepale ufukoni kwa kumkuta akivuta. Wiki nzima tulikula ugali kwa kisamvu kitupu. Baba hakujuta.

Alitoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kabla mimi sijazaliwa. Alifuata samaki, akamkuta mama kule Puta, akabaki. Nyumbani tuliongea lugha mbili juu ya sufuria moja, Kibemba cha mama na Kiswahili cha baba, na shuleni nikaongezewa Kiingereza. Nilipomaliza darasa la kumi na mbili na kukosa nafasi ya kuendelea, nilijikuta na kazi ambayo sikuiomba. Mfanyabiashara wa Kongo akiandikiwa barua ya forodha, niliitwa. Mkongo akiugua na kupelekwa hospitali, niliitwa nimweleze daktari panapouma. Nilikuwa mdomo wa watu, na nilisifiwa kwa jambo moja: siongezi, sipunguzi. Sifa hiyo niliipenda mno. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sikuwa na mume wala duka, na mtu asiye na vitu vingi hushikilia sifa yake kwa mikono miwili.

Mama alianza kuugua mwishoni mwa miaka ya tisini. Ugonjwa wenyewe sitautaja, maana miaka ile hatukuutaja, tulisema tu kwamba fulani amekonda. Hospitali walitufanyia walichoweza, na walichoweza kilikuwa kidogo. Kilichotutisha zaidi ni kwamba aliacha kula. Si kwamba chakula kilikosekana. Ulimwekea ugali mbele, na samaki, na mchuzi wa nyanya alioupenda, akatazama, akachovya tonge, akalirudisha kwenye sahani. "Nafilwa," alisema, yaani nimeshindwa, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Mikono yake ilikuwa imekuwa ya mtoto. Mimi nilikuwa mtoto pekee aliyebaki nyumbani, na nilikuwa nikitoka nje kulia nyuma ya bafu, nikirudi nasema moshi umeniingia machoni.

Mkongo mmoja mzee, muuza mizizi sokoni, ndiye aliyempa baba mbegu na maelezo. Baba alikwenda akafikiri siku tatu. Halafu akapanda miche sita katikati ya muhogo, nyuma ya nyumba, akaimwagilia kwa maji ya ziwa. Ilipokomaa alichuma majani, akayakausha kivulini, akayasaga kwa vidole. Kipimo alikichukua kiganjani kwa kuangalia tu, hakutumia kijiko, kisha alikichemsha ndani ya uji wa karanga kwa moto mdogo, muda mrefu, akiwa amekaa kwenye kigoda chake na koti lake, hataki mtu aguse mwiko.

Mama alikunywa nusu kikombe. Jioni ile, jua halijazama, aliketi mwenyewe mkekani akauliza kama kuna kichwa cha samaki.

Alikula. Siku ya kwanza nusu tonge, baada ya wiki sahani nzima, na siku moja alinigombeza kwamba mchuzi hauna chumvi. Sijawahi kufurahi kugombezwa kama siku ile. Baba alizoea kukaa mbele yake akimwangalia anavyotafuna, kimya kabisa, kama mtu anayesikiliza matangazo ya mpira redioni. Hakupona, sitaki kudanganya. Lakini alikuwa anakula, akatembea mpaka kanisani na kurudi, na uso wake ulirudia kuwa uso wake.

Kilichomsumbua baba ni kuficha. Alikuwa haogopi polisi hata kidogo, lakini kuficha kulimnyima raha. Alikuwa mtu wa kulipa ushuru kabla hajadaiwa. Nilimwona mara nyingi amesimama karibu na muhogo wake, anaitazama ile miche kwa uso wa mtu aliyeazima kitu bila kumwambia mwenyewe.

Hapa lazima nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo utamwona baba mjinga, na hakuwa mjinga. Kila mwaka, kabla ziwa halijafungwa ili samaki wazae, palikuwa na mkutano mchangani. Wavuvi waliokuwa na nyavu zilizokatazwa, zile za matundu madogo zinazobeba hata vifaranga vya samaki, walizileta wenyewe na kuzilaza mbele ya bwana samaki wa serikali na mjumbe wa chifu. Kila mmoja alisimama karibu na wavu wake akaeleza kwa nini aliununua. Watu walimsikiliza, wakamtania, bwana samaki akauchukua wavu, basi. Aliyelaza mwenyewe hakukamatwa. Aliyekutwa nao majini ndiye aliyekwenda mahakamani. Baba alikuwa amewahi kulaza wavu namna hiyo, na mwaka uliofuata akapewa kibali cha wavu halali. Karatasi ile aliitunza ndani ya Biblia. Kwake serikali ilikuwa kitu chenye masikio, mradi umeiendea ukiwa umebeba kosa lako mkononi.

Ndipo likaja tangazo. Wakubwa wangekuja kutoka Lusaka kuuliza maoni ya wananchi juu ya sheria ya madawa ya kulevya. Je, iachwe ilivyo, au iongezwe ukali, au baadhi ya vitu viruhusiwe kwa kibali na uangalizi? Mkutano ungefanyika ukumbini Nchelenge, na kwa kuwa Wakongo walikuwa wengi kandokando ya ziwa, walihitaji mtu wa Kiswahili. Niliitwa. Nilipiga pasi sketi yangu ya bluu mara mbili.

Asubuhi ya mkutano nilimkuta baba amechutama bafuni, anaosha mizizi ya mmea mmoja kwa maji ya ndoo, taratibu, udongo ukitoka. Nilimuuliza unafanya nini, Papa.

"Ninaenda nayo," akasema.

"Papa, wanataka maneno tu. Hawakusema mutu alete kitu."

"Mwana yangu, maneno kila mutu eko nayo. Kama mutu analeta mambo yake yeye mwenyewe, banamusikilizaka. Kwa nyavu haikuwa vile?"

Nilisema ilikuwa hivyo. Na hapo ndipo ningeweza kusema jambo jingine, kwamba polisi si bwana samaki, na ukumbi si mchanga wetu. Sikulisema, kwa sababu nami niliamini alichoamini. Nilikulia kwenye mikutano ile ya mchangani. Nilimpa kitenge cha mama cha zamani afungie mizizi isilowanishe koti lake, nikakimbilia gari la Nchelenge ili nisichelewe.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mkubwa wa wageni alikuwa mtu mpole, mwenye miwani na tai ya kijani, na alifungua kwa maneno ambayo nilitafsiri kwa furaha: leo hakuna jibu baya, semeni yaliyo moyoni, hakuna atakayeulizwa kwa maneno aliyoyasema humu ndani. Karani mmoja aliyasema kwa Kibemba, mimi kwa Kiswahili. Nyuma, karibu na mlango, walisimama askari wawili wa kulinda usalama, mmoja akipiga miayo.

Watu walisema. Mchungaji mmoja alisema mkiruhusu leo, kesho mtaruhusu na wizi. Mwalimu mstaafu akajibu kwamba pombe ya kienyeji imezika watu wengi kuliko hayo majani, na mbona inauzwa nyuma ya shule? Mvuvi mmoja akauliza kama ikiruhusiwa ushuru utakuwa kiasi gani, ukumbi ukaangua kicheko. Mwingine alisema yeye haoni tofauti, kwani anayeitaka anaipata leo, na anayekamatwa ni yule asiye na shemeji polisi. Hata wale askari walicheka. Nilitafsiri kila kitu, neno kwa neno, na mkubwa aliandika, akiinua kichwa na kunitabasamia kila nilipomaliza. Nilijisikia mtu.

Baba alinyoosha mkono. Aliitwa mbele, akaja polepole na koti lake na kile kitenge, akaamkia meza yote kwa kupiga makofi ya heshima, akiinama.

"Ba-mukubwa," alianza, "mi hapana muvutaji. Kanisa yangu inajua. Muke yangu eko mugonjwa, hakulake. Nikimupatia kidogo ya hii, anakula."

Hapo akafungua kitenge, akautoa mmea mzima, mizizi na majani, akaulaza mezani mbele ya glasi ya maji ya mkubwa. Aliulaza kwa mikono miwili, kama tunavyolaza nyavu. Kisha akarudi nyuma hatua moja, akasimama kando yake.

Wanawake walicheka.

"Hii njo yangu," akaendelea. "Iko sita, nyuma ya nyumba, katikati ya muhogo. Sitaki kuificha. Nyavu iko na permi, karatasi ya kuruhusu. Ya matundu makubwa munaruhusu, ya matundu madogo munakataza. Na hii mufanye vile. Muandike nani anaweza kuwa nayo, ngapi, juu ya ugonjwa gani. Mi nitalipa permi. Ule mwenye kuuzia batoto, mumukamate. Mi mwenyewe nitabaonyesha kwake."

Alinigeukia, akasubiri.

Nimerudi pale mezani mara nyingi sana maishani mwangu. Mkubwa na wenzake hawakujua Kiswahili. Ningeweza kusema mzee huyu anaomba watu wagonjwa wafikiriwe. Ningeweza kusema mmea huu aliukuta njiani, ameuleta ili uangamizwe. Ningeweza kuiacha ile sita, na muhogo, na nyuma ya nyumba. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa wafanyabiashara wanaojua Kiswahili na Kiingereza cha kutosha kunisahihisha, na mimi nilikuwa yule asiyeongeza wala kupunguza. Na tena nilijivunia baba. Nilidhani amesema vizuri kuliko wote, na kweli alikuwa amesema vizuri kuliko wote. Nikayasema yote kwa Kiingereza safi, pamoja na idadi na mahali.

Mkubwa aliweka kalamu chini. Alivua miwani, akaniambia kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, kwamba mzee hakupaswa kuuleta. Maneno aliweza kuyalinda, alisema, lakini hiki si maneno. Alitazama mlangoni. Askari aliyekuwa akipiga miayo alikuwa ameshaanza kuja.

Hawakumburuta. Mmoja wao alimshika kiwiko kwa adabu kabisa, akamwita Tata, yaani baba, mwingine akauviringisha mmea kwenye kitenge cha mama. Baba alivaa kofia yake.

"Banaenda kuniandikia karatasi?" aliniuliza.

"Sijui, Papa."

"Mupikie mama ugali. Uji nitapika mi mwenyewe nikirudi."

Akatoka nao, akiwaamkia watu wa safu za nyuma, na wengine walimwitikia. Nilitaka kumfuata. Nilisogea hatua mbili, na karani wa Kibemba akanishika mkono, akanionyesha meza, kwani mtu mwingine alikuwa ameshasimama na wa kumtafsiria ni mimi. Mkutano ulikuwa unaendelea! Hilo ndilo ambalo hadi leo sijawahi kulisamehe, na sijui nisimsamehe nani.

Aliyesimama alikuwa mama mmoja wa Kongo, muuza chumvi, mnene, mwenye sauti ya sokoni. Kila mtu alimjua kwa sababu ya mwanawe. "Musiruhusu," alisema. "Mutoto yangu alivuta. Leo anatembeaka uchi kwenye mulango ya kanisa, mi mwenyewe namufunikaka na kitenge. Musiruhusu hata kidogo, nabaomba." Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Lakini ule muzee, mumurudishe. Ule haiko ile mambo."

Nilitafsiri sehemu ya kwanza, na sauti yangu ikashikilia. Nilipofika sehemu ya pili ilikatika, nikaanza upya, nikaimaliza. Mkubwa alikuwa ameandika ya kwanza. Kwa ya pili kalamu yake ilisimama hewani kidogo, halafu akageuza ukurasa.

Nilipofika nyumbani polisi walikuwa wameshatangulia. Miche mitano iling'olewa ikarundikwa uani, ikamwagiwa mafuta ya taa. Pamoja nayo waling'oa na muhogo kiasi, sijui kwa kukosea au kwa haraka, wakachukua na mfuko wa majani makavu uliokuwa juu ya dari. Mama alikuwa ameketi mkekani mlangoni, miguu ameinyoosha, anautazama moshi. Aliniuliza baba yuko wapi. Nikamwambia anaandikisha maneno yake, anarudi.

Siku nne alikaa mahabusu pale Nchelenge, na kila siku nilimpelekea ugali. Askari alisimama karibu, lakini mzungumzaji mkuu alikuwa baba mwenyewe, mchangamfu, akiwa na hakika kwamba bwana samaki akija kueleza desturi mambo yataisha. Nilimuuliza nusu-nusu habari za uji. "Wee acha," alisema, "kesho niko nyumbani." Bwana samaki alikuja kweli, nampa haki yake. Aliongea na mkuu wa kituo saa nzima, akatoka akitikisa kichwa. Aliambiwa nyavu zina sheria zake, na bangi ina sheria zake. Nilikwenda hospitali kuomba karatasi kwamba mama anahitaji yale majani ili ale. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akasema, "Binti yangu, nikiandika hivyo tutakuwa wawili kule ndani." Alinipa chupa ya dawa ya vitamini. Wageni wa Lusaka walikuwa wameshaondoka asubuhi ya pili, na maoni yetu kwenye majalada.

Mahakamani sikuruhusiwa kutafsiri, kwa kuwa mimi ni binti yake. Walileta mtu mwingine. Nilikaa benchi la nyuma, nikamsikia baba akieleza kila kitu kwa hakimu: mama, ugali, kanisa, nyavu, kibali kilichomo ndani ya Biblia. Alieleza muda mrefu, kwa utaratibu, akihesabu hoja zake kwa vidole. Mtafsiri alisubiri amalize, akamgeukia hakimu, akasema, "Anakubali kosa."

Nilisimama. Nilisema, "Si hayo tu!" Askari alinikalisha, na hakimu akanionya kwamba nikirudia nitatolewa. Nikakaa. Mwaka mmoja, na kazi ngumu. Baba alinitafuta kwa macho ili nimwambie kilichosemwa, na safari hii nilikuwa mbali naye mno.

Siku hizi mjadala umerudi. Vijana wanauleta redioni na kwenye simu zao, wanazungumza vizuri, wana maneno ambayo sisi hatukuwa nayo. Binti wa dada yangu aliniuliza shangazi uko upande gani, nikamjibu kwa ukali bila sababu, maskini wa watu. Ukweli ni kwamba kila nikisikia mtu anasema iruhusiwe, namwona yule mama wa chumvi na kitenge chake mkononi, nyuma ya mwanawe. Na nikisikia mtu anasema ikatazwe kabisa, damu inanipanda kichwani mpaka naizima redio. Sina upande. Nina hasira tu, na hasira haijazi fomu ya maoni.

Baba alipelekwa gerezani Mansa. Mama alikula siku mbili baada ya hukumu, kwa kunionea huruma, nadhani, kisha akaacha. Nilimpikia uji wa karanga mtupu. Alionja, akaniangalia, akauweka chini. Wote wawili tulijua kilichokosekana ni yale majani.

Kuyapata hakukuwa kazi. Hilo ndilo la kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Nilikwenda ufukoni mchana kweupe, nikamkuta yule mvuvi ambaye baba alimfukuza, akiwa anatengeneza wavu wa mtu mwingine. Nilimwambia ninachotaka. Aliniangalia kwa huruma, akaingia kibandani, akatoka na kifurushi cha gazeti, akakataa malipo. "Ya muzee," alisema. "Umwambie sina kinyongo." Ilinichukua muda mfupi kuliko kupanga foleni ya chumvi.

Kazi ilikuwa kipimo. Nilikumbuka kiganja cha baba, lakini kiganja chake kilikuwa kikubwa na changu kidogo, na nilikuwa sijawahi kusogea karibu nikaangalia vizuri. Nilikisia. Nilichemsha kwa moto mkali kwa sababu nilikuwa na haraka ya kumwona anakula. Mama alikunywa kikombe kizima kwa sababu alikuwa ananiamini.

Alilala mchana ule wote na kesho yake mpaka saa kumi. Alipoamka hakunijua. Alijikunja pembeni akalia kwamba ukuta unamsogelea, akaniomba, mimi bintiye, nisimuue. Nilimshika mpaka ikamtoka. Jioni alinitambua, akanishika uso, akasema tusirudie. Nilikitupa kifurushi chooni. Baada ya hapo alikunywa maji, na siku nyingine hata maji ilikuwa ni kwa kuloanisha midomo na kitambaa.

Ndipo nikaenda Mansa. Nilimwachia jirani yetu mama, nikapiga moyo konde. Nilikwenda kwa jambo moja tu. Nilitaka baba anieleze ni kiasi gani, moto gani, muda gani. Nilijiambia nikijua hayo nitatafuta majani mengine siku hiyohiyo, na mama atakula.

Walimleta nyuma ya wavu wa waya. Alikuwa amekonda na amenyolewa, na bila koti alikuwa mfupi kuliko nilivyomjua. Askari magereza alisimama hatua moja kutoka kwetu, akatuambia kwa Kiswahili kizuri kabisa, kwani alikuwa amefanya kazi mpakani miaka mingi, kwamba tuzungumze ya nyumbani tu. Akisikia habari za kile kitu tena, alisema, mzee ataongezewa kesi na binti ataanza yake. Alisema bila ukali. Alikuwa anatuonya kwa wema.

Kichwa changu kilifanya kazi haraka. Nilifikiri nitauliza kwa mafumbo, niulize karanga kiasi gani, chumvi kiasi gani. Lakini nilimjua baba. Hakuwahi kuongea kwa mafumbo maishani mwake. Ningemuuliza habari za chumvi, naye angenijibu kwa sauti ya kanisani, "Chumvi hapana, unauliza yale majani?" Angenijibu vizuri, kwa vipimo vyote, mbele ya askari, kwa sababu niliuliza na kwa sababu ni kweli. Nilimwona kabisa akifungua mdomo.

Nikafunga wangu. Niliushika waya.

Yeye ndiye aliyeuliza. Alisogeza uso karibu, na swali lake lilikuwa moja.

"Anakula?"

Askari alikuwa anasikiliza. Baba alikuwa ananiangalia kwa macho yaleyale aliyonisubiria nayo ukumbini, akiwa na hakika kwamba nitakavyosema ndivyo ilivyo.

"Anakula, Papa," nikasema.

"Sahani muzima?"

"Sahani nzima. Juzi ameomba na kichwa cha samaki."

Akacheka. Aligeuka kwa wafungwa wengine waliokuwa kwenye foleni nyuma yake, watu asiowajua wala kujua shida yake, akawaambia kwa sauti, "Muke yangu anakula!" na wale watu, kwa heshima, wakampigia makofi.

Mama alizikwa siku kumi na mbili baadaye. Majirani walijua alivyomalizika, wakanitunzia siri mbele ya baba. Baba alitoka, akaishi miaka tisa mingine, na kila alipomtaja mama alimshukuru Mungu kwamba alikufa akiwa anakula, na alinishukuru mimi.